Nusu Kwake, Nusu Kwangu

Mhasibu mstaafu ninayecheza naye sataranji klabuni ana mwiko mmoja: kushindwa. Na mimi ninao huohuo. Ndiyo maana wenzetu wakituona tumeketi meza moja, wao huhamia kwenye drafti.

Jumamosi iliyopita malkia walilana mapema, ngome zikafuata, farasi nao wakaenda, tukabaki kila mmoja na mfalme, askofu na askari wachache. Askofu wangu alitembea kwenye miraba myeupe, wake kwenye myeusi. Wanaoujua mchezo wameshacheka. Maaskofu wa aina hiyo wataishi ubao mmoja hadi kiama bila kupeana salamu, na hata ukimzidi mwenzako askari mmoja, pengine wawili, mara nyingi hufiki popote.

Mimi nilikuwa nimemzidi mmoja. Askari mwenyewe alikuwa kizibo cha soda, maana seti ya klabu ilianza kupoteza kete zamani.

Adabu inataka anayeomba sare acheze kwanza, atamke, kisha abonyeze saa. Sasa nani atamke? Mhasibu akakohoa.

“Umesema kitu, bwana?”

“Nimekohoa tu, Mwalimu.”

Tukaendelea kutembeza wafalme. Nikajipa moyo kwa kuwakumbuka Nikolić na Arsović, waliokutana Belgrade mwaka 1989, wakacheza hatua 269 kwa zaidi ya saa 20, wakatoka sare. Kumbe sisi hata jasho hatujatoa! Sheria nayo inaruhusu kudai sare zikipita hatua 50 za kila upande bila askari kusogezwa wala kete kuliwa, ila lazima awepo wa kuhesabu, na mhasibu amestaafu.

Akaja mhudumu kukusanya chupa. Akafuta meza, akazoa na kizibo changu, akakitupa ndooni kati ya vizibo vingine vya rangi ileile. Tukatazamana.

“Sasa tuko sawa,” Mhasibu akasema, akanyoosha mkono.

“Ndiyo unaomba sare?”

“Umekufa ganzi, naunyoosha.”

Nikaudaka kabla hajaurudisha.

Katibu akaandika nusu kwake, nusu kwangu, akazima taa za ukumbi sisi tukiwa bado tunavaa viatu. Mpaka kituo cha daladala Mhasibu alikuwa ananifafanulia jinsi ushindi wake ulivyokuwa njiani. Nikamwambia arudi akabishane na shahidi wangu, yumo ndooni.