Mambo Kumi Utakayoambiwa na Jirani wa Moshi Kabla Hujamaliza Kushusha Godoro

Hamia Rau, Soweto, Pasua, Msaranga au Longuo, mambo ni yale yale: kirikuu haijazimwa, jirani ameshafika getini. Mkononi ana chana la ndizi, mdomoni ana ushauri. Pokea vyote viwili. Familia nyingi za mji huu zina makao mawili, mtaa hapa chini na kihamba, shamba la ukoo, kule mlimani, na anayelea kwa kutegemea kimoja tu analea nusu.

Haya ndiyo yanayosemwa sana mashineni, gengeni na kwenye kiti cha mbele cha Hiace. Tunahesabu kutoka kumi kushuka, maana lililo zito kuliko yote ni la kwanza.

10. Mlima una saa zake za kupokea wageni

Shangazi ametoka Dar kuja kuiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Ameamka saa nne, amekunywa chai taratibu, ametoka uani saa tano na kukuta wingu tupu. Jirani anamwita kutoka upande wa pili wa ua: "Shangazi, pole, mlima umeshafunga!"

Kibo, yenye mita 5,895, huonekana vizuri alfajiri, na mara nyingi hujitokeza tena jioni. Katikati ya siku mawingu huifunika, na Juni na Julai wingu laweza kukaa kutwa nzima. Kwa hiyo nguo zianikwe mapema, watoto waamke mapema, na mgeni aamshwe hata akinuna. Atanuna dakika tano, atapiga picha nusu saa.

9. Sweta haliachwi nyumbani

Mji uko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda gari kwenda Marangu, Kibosho, Uru au Machame, muda si mrefu unaweza kuwa umepita mita 1,400. Jua ulilokuwa ukililalamikia Pasua litakuwa limebaki Pasua.

"Bibi hatakulaumu kwa kwenda mikono mitupu," anasema jirani wa kulia, "atakulaumu kwa kumpelekea mjukuu kifua wazi."

"Na kwa mikono mitupu atakulaumu pia," anaongeza wa kushoto. "Beba sukari."

8. Usiseme "nipe ndizi"

Muuzaji wa soko la Mbuyuni akisikia "nipe ndizi", anajua umehamia jana. Ndizi gani, mama? Mshare ni ya mtori na ndizi nyama. Mzuzu ni ya kukaanga au kuchoma. Kisukari ni ya mtoto anayetoka shule na njaa. Nguo za mitumba nenda Memorial au Kiboriloni, na nenda na mtoto mwenyewe, kwa sababu suruali iliyochaguliwa kwa kukadiria huishia kuvaliwa na mtoto wa jirani. Jirani hatalalamika.

7. Mtori ni wa mama, si wa mtoto

Hapa tukae kidogo, maana ndipo mtaa wa Moshi unapoonyesha thamani yake. Mama akitoka kujifungua, iwe KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, au Mawenzi, jiko lake halipaswi kuwa kazi yake. Desturi ya Kichagga humpa mzazi miezi mitatu hivi ya kupumzika, kukaa na joto na kulishwa. Mshare huchemshwa pamoja na nyama yenye mifupa mpaka vilainike, nyama ikatolewa, ndizi zikapondwa, kisha vyote vikarudi sufuriani. Kula mtori, nyama ziko chini.

Mjini mama mkwe huenda yuko Rombo na dada yuko chuo. Ndiyo maana majirani hupanga zamu: leo nyumba ya bluu, kesho nyumba yenye mparachichi. Baba naye ana kazi yake, na kazi hiyo si kukaa sebuleni kupokea pongezi. Atafute nyama, aoshe vyombo, ashike kadi ya kliniki na ajue tarehe.

Ila majirani, tusikilizane. Kuna bibi ambaye kila akimwona mchanga anataka kumwonjesha kijiko kimoja tu. Wauguzi wa kliniki hawachoki kusema: miezi sita ya kwanza, maziwa ya mama pekee. "Bibi, mtori wa mtoto umeshapita kwa mama yake," mwambie hivyo. Atacheka, kisha atakula yeye.

6. Maharage yanaiva kwa kulowekwa

"Bila magadi maharage yangu hayaivi," anasema jirani wa kulia.

"Yaloweke jana," anajibu wa kushoto.

Wa kushoto anastahili kupigiwa makofi. Miamba ya volkano ya kaskazini mwa Tanzania huyapa baadhi ya maji yetu floraidi nyingi, na magadi yanayolainisha makande na kiburu cha ndizi na maharage mara nyingi huongeza nyingine. Mtoto anayeipata kwa wingi wakati meno ya ukubwani yanajijenga huota meno yenye madoa ya kahawia, na hakuna mswaki unaoyaondoa. Kwa hiyo maharage yalale majini usiku kucha, magadi yapungue au yaachwe kabisa, na ukichimba kisima chako, maji yapimwe kabla mtoto hajapewa kikombe. Kisima chenye maji mengi si lazima kiwe chenye maji mazuri.

5. Mtaro ni wa kila mtu, na zamu ni zamu

Mabomba yalipokuwa hayajafika kulikuwa na mifongo, mifereji ambayo Wachagga wameichimba kwa karne nyingi kuyateremsha maji ya mito ya mlimani mpaka vihambani. Maji yalikwenda kwa zamu, na asiyefika siku ya kuusafisha mfongo alitozwa faini. Hapakuwa na cha "nilikuwa na kikao".

Hekima hiyo nayo ishuke mjini. Masika huwa Machi hadi Mei, na mtaro uliojaa chupa na maganda ya ndizi humwaga maji kwenye nyumba iliyo chini zaidi, awe mwenye nyumba ni mwalimu au ni mwenyekiti wa mtaa. Usafishwe Februari. Moshi imesifiwa miaka mingi kwa usafi wake, na sifa hiyo hufanyiwa kazi kwa fagio.

Na ndani ya nyumba pia, zamu. Kijana wa kiume anayejua kushika koleo anaweza kushika sufuria. Mkono ni ule ule.

4. Harusi hujibiwa kwa simu, msiba kwa miguu

Sherehe za Moshi hazikauki: ubatizo, komunio ya kwanza, kipaimara, sendofu, harusi. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, atakatwa, mbege ya ndizi mbivu na kimea cha ulezi itakuwa imeshaandaliwa, watoto watapewa soda na kuulizwa wanashika namba ngapi darasani. Kadi za michango zitakufuata mpaka ulipo.

Ushauri wa wazoefu: tenga fedha ya michango kila mwezi kama unavyotenga ya umeme, toa unachoweza, wala usikope ili uonekane. "Waliokula ndafu hawakumbuki nani alitoa ngapi," anasema fundi wa kona. "Katibu wa kamati anakumbuka," anakatiza mkewe. Ni kweli, ila katibu ni mmoja.

Msiba ni jambo jingine. Hapo bahasha iliyotumwa haitoshi. Nenda, keti, beba viti, chota maji, wapeleke watoto wa mfiwa shule asubuhi. Ukijulikana mtaani kwa hilo, hutakaa peke yako siku yako ikifika.

3. Krismasi ni siku moja, Januari ni thelathini na moja

Babu alisomesha kwa kahawa. Chama kikuu cha ushirika cha KNCU kilianza mwaka 1933, na kwa miongo kadhaa fedha ya kahawa iliwavusha watoto wengi wa mlimani kutoka darasa moja kwenda jingine. Kahawa ilikuwa na msimu, na babu aliujua.

Baba wa leo anayebeba mizigo ya watalii, anayepika kambini au anayewaongoza wageni mpaka kileleni ana msimu wake pia: Juni hadi Oktoba, kisha mwisho wa mwaka hadi mapema Machi. Masika yakifika, simu ya kampuni hunyamaza. Kwa hiyo fedha ya Julai igawanywe ikijua kwamba kuna Aprili. Shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne tangu 2016, lakini sare, viatu, madaftari na chakula cha mchana havijasikia habari hiyo. Vinunuliwe Novemba, kabla nyama ya Desemba haijaanza kunukia.

Na baba akiwa mlimani siku sita au nane, majirani tujue. Mzigo wa mgeni anaoruhusiwa kuubeba una kikomo cha kilo 20, ila wasiwasi wa nyumbani hakuna anayeupima. Tumpunguzie. "Shemeji, umeamkaje? Watoto wameamkaje?" Maneno hayo hayana gharama na yanafika mbali.

2. Mpandishe mtoto kihambani kabla hajakua

Watani wanasema Wachagga hupanda Moshi kila Desemba kwenda kuhesabiwa. Waache waseme, familia isiyojihesabu haijui imepungukiwa na nani. Mabasi hujaa, na Desemba 2019 hata treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirejea baada ya zaidi ya miaka 20.

Wewe unayeishi mjini huhitaji basi la usiku. Huna sababu ya kungoja Desemba. Mpeleke mtoto Jumamosi. Akate majani ya ng'ombe, achume kahawa, aone magimbi yanavyokua chini ya migomba, aoneshwe kaburi la babu na mpaka uliopandwa masale. Ajue pia kwamba jani hilo hilo la isale hupelekwa kuomba msamaha, na anayepelekewa hutarajiwa kusamehe. Mtoto aliyefundishwa hivyo mlimani atajua kuomba radhi mtaani.

Kuna neno zito hapa ambalo jirani mwema hulisema bila kuzunguka. Kwa mila, nyumba ya wazazi hubaki kwa kitinda mimba wa kiume, na mabinti wengi wameishia kuwa wageni walikozaliwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Basi wazazi, semeni mkiwa hai, andikeni, waiteni mabinti mezani. "Tukianza kuzungumza urithi tutagombana," anasema mmoja. Mkingoja mazishi mtagombana zaidi, na mzee hatakuwepo kuwaamulia.

1. Mtoto wa jirani ni wako mpaka mama yake arudi

Hili ndilo la kwanza, na yote mengine hutokana nalo. Mtoto wa nyumba ya pili akirudi shule na kukuta geti limefungwa, huna haja ya kuitisha kikao. Mfungulie, mlishe, mwambie afanye kazi ya shule. Ukimwona anapanda bodaboda usiyoijua, uliza. Ukimwona amebadilika, amenyamaza, anaogopa kurudi kwao, usimalizie kwa kusema ni mambo ya watu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Namba ya kumsaidia mtoto ni 116, na kupiga ni bure.

"Watasema najiingiza," utajitetea. Sawa, wacha waseme. Aibu ya kuitwa mbea hupita. Madhara kwa mtoto hukaa.

Jirani wa Moshi aliyekuletea ndizi siku ya kwanza alikuwa anajiingiza, na ulimshukuru. Naye ana watoto. Kwa hiyo wiki hii, kabla ya Jumapili, chagua nyumba moja mtaani kwako ambayo hujawahi kuingia. Bisha hodi, taja jina lako, taja majina ya watoto wako na uulize ya watoto wao. Muachiane namba za simu.