Foku Isiyo na Springi

Tanga ni mji wa baiskeli, na watu wake wanajua baiskeli inavyotakiwa kuwa: iwe na kengele, kerieri, na kiti ambacho mtu mzima anaweza kukikalia bila kujuta. Baiskeli ya mlimani ya mtumba ikija na springi mbele, hiyo ni neema ya ziada. Kwa hiyo nilipoikokota yangu hadi kwa fundi wa Ngamiani, nikamwamkia na kumwomba anitolee foku ya springi anifungie foku kavu, mzee wa watu aliitikia marahaba, akafuta mikono yenye grisi, kisha akaniuliza kwa upole kama nyumbani ni wazima wote.

Ugonjwa wenyewe ulitoka Uskoti. Mwaka 2009 kijana wa kisiwa cha Skye, Danny MacAskill, aliyekuwa akifanya kazi katika duka la baiskeli mjini Edinburgh, alionekana kwenye video akipita na baiskeli juu ya uzio wa chuma wenye ncha, ametulia kabisa. Mchezo wake ni traiali: unaruka kuta, mawe na magogo, na mguu haugusi chini. Kwenye mashindano, mguu ukigusa unahesabiwa kosa.

Wengi hudhani springi humsaidia mrukaji. Wapi! Springi ni mla rushwa: nguvu unayomkabidhi haifiki yote. Ukikandamiza usukani ili gurudumu la mbele lipae, yeye anazama kwanza, anachukua chake, na masalia ndiyo yanayokunyanyua. Ukikamata breki ya mbele usimame juu ya tairi moja, pua ya baiskeli inainama kabla hujaamua.

"Basi unataka Phoenix," fundi akakata shauri, akachomoa foku nyeusi ya baiskeli hiyo kutoka kwenye lundo lake. Bomba lake la usukani lilikuwa la inchi 1, na shingo ya fremu yangu inataka inchi 1 na moja ya nane. Likaingia kirahisi mno, likawa linagongagonga humo ndani. Fundi akashauri tulizungushie bati la kopo la maziwa. Nampenda mzee huyu, lakini meno yangu nayapenda zaidi.

Tukapata nyingine ya mtumba, unene sawasawa, chuma kizuri. Ikafungwa, nikapanda, na nusura nimsalimie fundi kwa kichwa. Hapo ndipo penye siri ya jambo hili, na wauzaji hawaitaji: urefu wa foku kutoka ekseli hadi pale inapokutana na shingo. Ya springi ilikuwa karibu milimita 450. Hii ilikuwa kama 400. Kila milimita 20 zikipungua, shingo ya fremu inasimama kwa takriban digrii moja zaidi, na pedeli nazo zinashuka kuelekea kwenye mawe. Digrii mbili na ushee haziwatishi watu wa hesabu. Zikiwa chini ya kifua chako, kwenye mteremko wa kwenda forodhani, ni jambo jingine. Foku kavu ya kufaa huwa imetengenezwa ndefu makusudi, ijaze nafasi ya springi, ikipungua kidogo tu kwa sababu springi nayo huzama mtu akishapanda.

Ilipopatikana ya urefu huo, haikuwa na vijiti vya kufungia breki zangu za ringi. Ilikuwa ya breki za diski. Fundi akaniambia, "Mwanangu, mchezo wenyewe si wa kuruka? Breki ya nini?"

Hatimaye ikaja yenye kila kitu, na bomba refu linalongoja kukatwa. Fundi akakigonga kipete cha gololi za shingo mpaka kikatoka kwenye foku ya zamani, akakipaka grisi, akakishindilia kwenye mpya kwa kipande cha bomba na nyundo, taratibu, huku akikizungusha kila pigo. Kazi safi. Kisha akashika msumeno, akapima kwa jicho. Nikaudaka mkono wake. Bomba likikatwa fupi halirefuki, na jicho lenyewe wakati huo lilikuwa linamtazama muuza kahawa.

Siku ya kuichukua nikamwomba na kiti akishushe mpaka mwisho, au akitoe kabisa, maana kwenye traiali hakuna anayekaa. Hilo likawa kubwa kuliko foku! Vijana wa kijiweni wakaacha bao. "Sasa utakaa wapi?" fundi akauliza, safari hii bila upole.

Ile foku ya springi aliinunua muuza mikate wa mtaa wetu, na kwa kazi yake inafaa kweli: kwenye mashimo, mikate haipondeki. Juzi alinisimamisha anishukuru. Tukaulizana hali, akaitazama baiskeli yangu kwa muda, kisha akasogea karibu, akashusha sauti:

"Na kile kiti, kaka, unakiuzaje?"