Kayaki au Motaboti? Majibu kwa Wavuvi wa Soy

Kayaki ni chombo chembamba cha mtu mmoja au wawili, kinachoendeshwa kwa kasia lenye bapa kila upande. Kilibuniwa na Wainuiti wa nchi za barafu kwa ajili ya kuwinda sili. Motaboti ni chombo chochote kinachosukumwa na injini, na katika maziwa ya Kenya mara nyingi huwa ni mtumbwi wa mbao au wa faiba uliofungwa mashine nyuma. Hakuna kati ya hivyo viwili kilichobuniwa kwa kuifikiria Soy, eneo la mahindi na ng'ombe kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako Ziwa ni jina la kituo cha biashara. Hata hivyo maswali hayakomi, na huzidi mahindi yanapolipwa.

Swali la kwanza limetoka kwa mkulima ambaye jirani yake ana bwawa. Anataka kujua injini ya hospawa ngapi itamfaa. Ameona trekta ya hospawa 75 ikiipita ile ya 45 katika kulima, na anaamini samaki nao hufuata kanuni hiyo.

Hawaifuati. Mabwawa mengi ya kaunti hii ya Uasin Gishu yalitengenezwa na walowezi ili ng'ombe wapate maji ya kunywa, na hayana nafasi ya mbio. Kandokando kuna matete na tope, na propela ikizama humo hujisokota majani mpaka injini izime. Samaki waliokuwa karibu hukimbia mngurumo kabla ndoano haijaguswa. Mafuta yakivuja hubaki juu ya maji yale yale ambayo ng'ombe wa jirani watayanywa jioni, na hapo swali huwa limetoka kwenye uvuvi limeingia kwa chifu.

Kuna pia jambo la hewa, ambalo wauzaji wa injini hawalitaji. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kila inapopanda mita 300. Kwa hiyo mashine iliyoandikwa 15, ikifungwa katika bwawa la Soy, itafanya kazi kama ya 12 hivi. Hewa ikiwa nyepesi na kabureta ikiwa imepimwa kwa matumizi ya pwani, petroli huzidi hewa: moshi mweusi hutoka, plagi hushika masizi, na mwenye mashine hukesha akivuta kamba. Wanariadha huja nyanda hizi kuyazoesha mapafu yao hewa nyepesi. Kabureta haizoei, hata ikilazwa kambini mwao Iten mwaka mzima.

Kayaki haina shida hiyo. Ya plastiki ya mtu mmoja huwa na uzito wa kilo 20 hadi 35, hukaa vizuri juu ya keria ya Probox, na huelea penye maji ya magotini. Mvuvi hukaa chini karibu na maji, akapenya katikati ya matete bila kelele, na huko ndiko kambare na tilapia hujificha. Ubaya wake ni kwamba haina mahali pa kusimama wala pa kuvutia wavu. Ni chombo cha ndoano. Pia hupinduka, hasa mtu anapogeuka ghafla kumkamata samaki aliyemponyoka. Anayetaka kutega nyavu ndogo atafute mtumbwi wa faiba wenye tako pana, auendeshe kwa kasia au pondo.

Asiyependa kupiga kasia anaweza kufunga injini ndogo ya betri. Hiyo haivuti hewa, kwa hiyo nguvu zake huko Soy ni zile zile za Mombasa.

Msomaji wa pili ana kidimbwi cha mita 300 za mraba, kipimo cha vidimbwi vilivyochimbwa kuanzia 2009 chini ya mpango wa serikali wa kuchochea uchumi. Anauliza chombo gani kitamfaa. Kidimbwi hicho kwa kawaida huwa na urefu wa mita 20 kwa upana wa mita 15. Motaboti iendayo kilomita 20 kwa saa ingekivuka kwa sekunde chini ya nne, kisha ikaendelea hadi kwenye kabeji. Kinachofaa ni gamubuti, wavu wa kukokota, na mtu wa pili wa kushika upande wa pili. Tena maji ya nyanda za juu ni baridi na tilapia hukua polepole humo, kwa hiyo fedha za chombo zingefaa zaidi zikienda kwenye chakula chao.

Swali la tatu ndilo zito. Kijana wa Soy anataka kuuza ng'ombe wawili, anunue motaboti na kuhamia Ziwa Victoria, upande wa Port Victoria huko Busia. Kwake hali ni tofauti kabisa. Ziwa liko mita 1,134, injini hupumua vizuri zaidi, na mbuta wakubwa wako mbali na ufuo kuliko mikono ya mpiga kasia inavyoweza kufika na kurudi salama. Upepo wa ziwa huvuma mchana, mara nyingine pamoja na ngurumo, na kayaki haina kazi huko. Viboko nao hawaiheshimu.

Lakini ahesabu kwanza. Mashine ya hospawa 15 ikienda mwendo wote hunywa kama lita 6 kwa saa. Safari yenye saa tatu za mwendo ni lita 18, na petroli ikiwa shilingi 180 hizo ni shilingi 3,240 kabla samaki hata mmoja hajaonekana. Ufuoni mafuta hutolewa kwanza, ndipo kinachobaki kigawanywe kati ya mwenye chombo na wavuvi wake. Siku ya mkono mtupu, deni la mafuta ni la mwenye chombo. Magugumaji yakiziba ufuo, chombo hulala. Jioni mashine hufunguliwa na kubebwa begani hadi ndani ya nyumba, maana ikiachwa majini huibwa. Aidha, tangu kanuni za 2007 kila ufuo una kikundi cha usimamizi, BMU kama wavuvi wanavyokiita, na mgeni asiyejulikana nacho hatashusha chombo kwa amani. Kijana huyu aende kwanza msimu mmoja kama kibarua katika mtumbwi wa mtu mwingine. Ng'ombe wanaweza kusubiri.

Wapo wanaouliza habari za Ziwa Turkana, kwa sababu barabara ya Kitale inaendelea hadi Lodwar. Huko kuna upepo mkali na mamba, na kayaki isitajwe. Wenye imani kubwa katika mitambo wapite Kalokol, ambako Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki mwanzoni mwa miaka ya 1980. Gharama ya kugandisha ilipita bei ya samaki, na barafu haikudumu.

Kwa anayebaki Soy, basi, hukumu ni kayaki au mtumbwi mdogo, na ruhusa ya mwenye bwawa. Kabla ya chombo anunue jaketi ya kuokoa maisha na aivae hata penye maji ya kiunoni, kwa kuwa tope la bwawa hushika miguu, na wengi wa nyanda za juu hawajui kuogelea.