Shangazi Anajibu: Ngome Haina Kosa

Shikamoo Shangazi. Sisi ni wanakikoba tisa wa Mbagala Rangi Tatu. Mwaka mzima tulinunua hisa ili twende Unguja kuutembea Mji Mkongwe. Kufika tu, mwenyekiti akatupanga mstari, akawa anatuhesabu kila kona. Mweka hazina akagoma kutoa hela ya mwongoza watalii. Katibu naye hapiti mlango bila kuupiga picha. Ngome Kongwe tuliiona dakika kumi. Mwakani wanataka twende Kilwa. Niende?
Miguu Imevimba

Marahaba mwanangu. Mwenyekiti msamehe. Ile ngome waliijenga Waomani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno haohao. Kanisa kwa Kireno ni igreja, na wachunguzi wa maneno wanasema ndiko lilikotoka "gereza" letu. Ngome yenyewe ilishawahi kufunga watu. Kwa hiyo mkihesabiwa mle ndani, ni mila tu inaendelezwa.

Mwenye kesi ni mweka hazina. Ngome bila msimuliaji ni ukuta mrefu wenye minara na wauza vinyago. Nani angewaambia kwamba zamani mle palitumika kwa kazi za reli ya kwenda Bububu? Ndiyo, treni, Unguja! Mtu kavuka bahari kwa nauli ya boti, halafu anabania hela ya maelezo, na jioni Forodhani anaagiza pweza sahani ya pili. Namjua wa aina hiyo, nimeolewa naye.

Kuhusu katibu, nitakusimulia yaliyonikuta Shangani. Niliegemea mlango wa nakshi, wenye njumu za shaba kubwa kama vitumbua, nipigwe picha. Mlango ukafunguka. Nikaingia kinyumenyume hadi ukumbini kwa watu, miwani huku, mkoba kule. Bibi mmoja, birika la kahawa mkononi, akanitazama kuanzia kilemba hadi kisigino. "Karibu mwanangu," akasema, "ila viatu vua." Nikanywa vikombe viwili. Mwambie katibu milango ile ina wenyewe, na wengine ndani wanaoga.

Kilwa nenda. Basi mnapandia hapohapo mlangoni kwenu, na ngome ya Kisiwani inaitwa Gereza waziwazi, mwenyekiti atafurahi. Ila daftari la hela ashike mwingine.

Shangazi, mchumba wangu wa Tandale nilimpeleka kuona Beit al-Ajaib. Akacheka: "Umenileta kwenye jengo lililoanguka?" Nimuache?
Nimeaibika

Jumba hilo alilijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wakafa, kwa hiyo kicheko chake kwanza hakina adabu. Pili, lilisimama miaka 137 mbele ya upepo wa bahari. Muulize ukuta wa choo chao, alioujenga fundi mpwa wake, umemaliza masika mangapi. Usimuache bado. Subiri jibu.

Shangazi, nilikwenda Mombasa na mume wangu na mawifi wanne. Fort Jesus yote tumezunguka wakinisema kuhusu pilau. Nimechoka.
Wa Yombo

Pole mke mwenzangu wa shida. Ngome hiyo Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33, na waliokuwa ndani walimalizwa na njaa na maradhi kuliko mizinga. Wewe umezingirwa siku mbili na ulikuwa na pilau. Safari ijayo mpeleke mume peke yake, mawifi waletewe haluwa.

Barua zaidi nazipokea kama kawaida. Wenye kuniletea picha za milango, tafadhali, imetosha.