Trela Bila Kichwa

Jumamosi usiku dereva mmoja wa malori alisimama katikati ya kibanda umiza, akapandisha zipu ya koti, akanigeukia na kusema kwa sauti iliyofika mpaka barabara kuu: "Kaka, hii uliyotuletea ni trela bila kichwa." Watu wakacheka hadi benchi moja likaanguka na waliokuwa juu yake. Kuanzia Jumapili hilo ndilo jina langu hapa Ihanda, mkoani Songwe. Bodaboda wananiita Trela. Mama wa dukani, nilipokwenda kununua sukari nusu kilo, alinichotea kijiko kimoja, akafunga mfuko, akasema, "Nyingine inakuja hivi karibuni."

Trela yenyewe ilikuwa ya Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji. Ni hadithi ya Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza akiwa bado anatawala, na imetokana na riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Yasmin ameozwa kwa mwanamume wa umri wa baba yake, anakataa, anatoroka, na huko anakoangukia anakutana na Denge, kijana anayekesha akipanga mambo ya uhuru huku makachero wakimfuata nyuma. Watu wa Toronto waliiona Septemba 2021. Mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kuwania Oscar, mara ya pili tu nchi kufanya hivyo, baada ya Maangamizi ya mwaka 2001. Huko duniani, basi, filamu hii imeshakuwa habari ya zamani. Ihanda bado ni filamu ijayo, na tunaisubiri kwa adabu zote za filamu ijayo: tunabishana kama mwisho utafuata kitabu, nani kamfaa Mwajuma, rafiki yake Yasmin, na kama Denge wa kwenye picha anaweza kweli kuwasumbua makachero kwa uso mpole vile.

Kwa hiyo kijana mmoja wa Tunduma, wa wale wanaojaza watu filamu kwenye flashi, aliponiambia anayo, sikuuliza mengi. Alinifungulia kompyuta nikaona kwa macho yangu: picha ya Yasmin, jina la filamu, na pembeni muda wake, saa moja na nusu na ushei. "Bro, hii hata Mbeya haijafika," aliniambia. Nikalipa. Flashi nikaitia mfuko wa ndani wa koti, na njia nzima kila gari liliposimama kushusha abiria mimi nilikuwa napapasa kifua.

Mwenye kibanda alifuta ratiba ya ligi ubaoni akaandika kwa chaki: LEO VUTA NIKUVUTE, FILAMU YA KALE, 500 TU. Walikuja watu ambao kibanda hakijawahi kuwaona. Wakulima wa kahawa na blanketi zao mabegani. Madereva waliokwama kwenye foleni ya mpakani. Babu mmoja aliyekataa kukaa benchi akaletewa kiti kutoka nyumbani kwake. Mwalimu wa Kiswahili alikuja na wanafunzi wake na madaftari, maana riwaya ile imekuwa kitabu cha kidato cha tano na sita kwa miaka, na wengi wao wameshajibu maswali ya dhamira za watu ambao hawajawahi kuwaona wakitembea.

Taa zikazimwa. Bahari. Kichochoro. Binti. Kijana. Askari. Muziki ukapanda mpaka mabati yakatetemeka, maandishi yakatokea, kioo kikawa cheusi. Kama dakika mbili hivi. Watu wakashusha pumzi, wakajiweka sawa: sasa inaanza.

Bahari. Kichochoro. Binti.

"Huyu si tumeshamwona?" akauliza babu.

"Anakumbuka, babu," akajibu kijana mmoja wa bodaboda, bingwa wa filamu za Kihindi. "Filamu za kale zina kukumbuka kwingi. Subiri, atazinduka."

Hakuzinduka. Muziki ukapanda, kioo kikawa cheusi, bahari ikarudi. Safari hii mwalimu aliinamia wanafunzi wake na nikamsikia akisema, "Andikeni: takriri." Wakaandika. Mtu mwenye shahada ameshasema ni mbinu ya kisanaa, nani angebisha? Tukaendelea kuitazama bahari kwa heshima. Mzunguko uliofuata watoto walishashika maneno yote, wakawa wanayasema kabla ya waigizaji. Mzunguko mwingine kibanda kizima kilikuwa kinamwambia Yasmin apite wapi. Hapo ndipo dereva aliposimama. Mtu anayekesha barabarani hadanganyiki na kitu kinachojirudia. Kijana wa Tunduma alikuwa ameichukua trela, akaiunganisha na trela, na trela, mpaka ikafika saa moja na nusu na ushei. Katika hilo hakudanganya: muda ulikuwa sahihi.

Mwenye kibanda alikataa kurudisha viingilio. Alisema yeye ameonyesha alicholetewa, mwenye deni ni aliyeleta. Kisha akaweka filamu ya Kichina ya makofi na mateke, iliyotafsiriwa juu kwa juu na mtafsiri wa aina ile tuliyorithi tangu enzi za Lufufu na kanda za VHS, anayeongezea na utani wake pale waigizaji wanaponyamaza. Watu walifurahi sana. Mwalimu aliondoka na wanafunzi bila kuniaga.

Kinachoniuma ni kwamba hawajui walichokikosa. Filamu ya kale si mchezo. Watu wanadhani unampeleka mwigizaji Mji Mkongwe, unamvalisha kanzu, imekwisha. Nimelifikiria jambo hili mpaka usingizi unapaa. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo kuta zipo. Kazi ni kuondoa kila kilichoning'inia juu ya kuta hizo. Umeme huwezi kuuondoa wote, maana mji ule ulikuwa na umeme kabla hata mabibi zetu hawajazaliwa. Lakini nyaya za intaneti lazima zipotee, madishi yashuke, matangi ya plastiki yafichwe, viyoyozi vifunikwe, na mtalii mwenye kaptura azuiwe kona ya pili na mtu mpole anayejua lugha. Kisha sauti. Unaweza kuficha pikipiki, mlio wake utauficha wapi? Mwigizaji analia kwa uchungu wa mwaka 1954, nyuma yake boda inapiga honi ya juzi. Mnaanza upya.

Bado nguo. Mwanamke wa miaka ile huwezi kumvalisha abaya iliyoshuka Dubai mwezi uliopita. Anataka buibui la kizamani la kufunga kwa kamba. Kanga nayo ina maandishi, na wazee wa Unguja wakiona maandishi ya mwaka juzi kwenye kiuno cha mwaka 1954 watakuandama mpaka kaburini. Pesa je? Mtu akinunua kahawa kichochoroni lazima atoe senti kumi ya Afrika Mashariki yenye tundu katikati. Na shingo! Hili hakuna aliyeniambia, nimeligundua mwenyewe. Watu wa siku hizi tumezoea kuinamia simu. Ukichukua vijana wa kupita nyuma ya picha, kila mmoja anatembea kainama na kidole gumba kimekaa tayari. Lazima uwafundishe upya kutazama mbele.

Mtu aliyepita katika yote hayo akafika mwisho, mimi nampa heshima. Na Shivji hakuanza jana: filamu yake T-Junction ilifungua ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, mwaka 2017, halafu mwaka uliofuata yeye na Rebecca Corey wakatoa Wahenga, ya wazee wa muziki wa dansi. Ndiyo maana kijiweni kwetu tumeshampangia na kazi inayofuata. Aje atengeneze filamu ya reli ya TAZARA, 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikipita papa hapa Songwe na kuvuka Tunduma. Hatakuwa na kazi ya kuficha vitu. Baiskeli za Phoenix zipo, suti za Kaunda zipo kwenye masanduku, na vumbi ni lilelile. Babu aliyeletewa kiti yuko tayari kuigiza msimamizi, kwa masharti kwamba asionyeshwe zaidi ya mara moja.

Mikasa mingine ya kuisaka filamu hii haina urefu. Nilivuka mpaka wa Zambia kuitafuta Nakonde nikarudi na mahubiri ya Kibemba. Niliazimisha riwaya ili watu wajiandae, na aliyeazima amehamia Sumbawanga. Basi moja likiniteremsha Ihanda lilikuwa ndiyo kwanza linawasha kideo, na kwenye kioo nikaona bahari. Mpaka leo sijui ilikuwa bahari gani.

Sasa niseme bila utani. Filamu ya namna hii ina njia yake ya kusafiri, na nimeisoma njia hiyo kwa makini. Kwanza inakwenda kwenye matamasha makubwa, na matamasha hayataki filamu iliyokwisha kuonekana kwingine, kwa hiyo inafungiwa. Kisha wanakuja wasambazaji, wanagawana haki kwa nchi na kwa njia: huyu kumbi, yule televisheni, yule mtandao. Kila mmoja anapewa muda wake wa kuchuma kabla wa pili hajaanza. Huku kwetu zamu ya kwanza ni ya kumbi, na kumbi zenyewe ziko mijini: Dar es Salaam, karibu kilomita 900 kutoka hapa, au Arusha. Katika mgawanyo wote huo hakuna mstari ulioandikwa kibanda umiza. Hatumo. Si kwamba tumekataliwa, hakuna aliyetuhesabu.

Na sisi tuna pesa. Si nyingi, ila shilingi mia tano kwa kichwa, kibanda kimejaa, mara vibanda vyote kutoka Vwawa mpaka Tunduma, si pesa ya kuchezea. Tungependa imfikie aliyeficha zile nyaya na kutafuta zile kanga. Hakuna pa kuilipia. Anayejitokeza kuipokea ni kijana wa flashi, ambaye hakununua hata mita moja ya kamba ya buibui. Wakubwa wakikutana husema Watanzania hawathamini filamu zao. Waje Ihanda waseme hivyo mbele ya wakulima wa kahawa waliokaa nusu ya usiku wakitazama dakika mbili zilezile kwa matumaini.

Mwaka 1935 wakoloni walianzisha mradi wa sinema huko Vugiri, Usambara, ukaishi mpaka 1937. Walipiga filamu za safura, za kodi na za kuweka akiba posta, mambo ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiyasubiri kwa hamu. Lakini walipakia projekta na jenereta kwenye lori, wakazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, wakitundika kitambaa vijijini huku sauti ikitoka kwenye santuri. Filamu ya kuhimiza kodi ilipata lori. Filamu ya watu waliopigania kumwondoa mtoza kodi haijapata.

Na malori hapa si tatizo. Yanapita usiku na mchana, na foleni ya Tunduma siku mbaya inahesabiwa kwa kilomita. Yamebeba mafuta, sulfa na magari ya Japani, yanakwenda Zambia na Kongo, na madereva wake wamekaa hapo siku nzima hawana la kutazama. Mwenye haki za filamu akitaka watazamaji, ni hao. Projekta tutakodi, jenereta ipo, kiingilio tutamhesabia mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Blanketi aje nalo mwenyewe, maana baridi ya Julai ya Ihanda haiulizi mtu katokea Toronto au Vwawa.