Misingi ya Uvundolojia ya Soksi: Mhadhara wa Kwanza

Mwanafunzi wangu, keti. Kalamu mkononi, pua wazi. Leo tunaingia katika taaluma ambayo vyuo vikuu vimeikwepa kwa kisingizio cha kushughulikia mambo madogo kama sheria, uchumi na upasuaji wa moyo. Taaluma hiyo ni uvundolojia, na tawi lake tukufu kuliko yote ni soksolojia: uchunguzi wa soksi inayonuka, inayokaribia kunuka, na inayodai kwamba hainuki.

Fasili ya 1. Soksi ni kifuko cha kitambaa chenye mlango mmoja. Usicheke. Ingekuwa na milango miwili hewa ingepita, nami nisingekuwa na kazi.

Fasili ya 2. Uvundo wa soksi ni masalio ya karamu isiyoonekana. Jasho la mguu, linapotoka tu, karibu halina harufu. Ni bakteria aitwaye Staphylococcus epidermidis, mkazi halali wa ngozi yako, anayeivunja leusini iliyomo jashoni na kuacha asidi ya isovaleriki. Kwa hiyo usiseme tena kwamba miguu ya fulani inanuka. Miguu hainuki, kinachonuka ni makombo ya mpangaji.

Kanuni inayofuatia: mwenye soksi hakubaliki kuwa shahidi. Pua huzoea harufu inayoishi nayo, ndiyo maana mshitakiwa hukana kwa dhati kabisa.

Tuainishe. Aina za uvundo wa soksi ni nne. Wapo wanaodai tano. Hao nimekwisha kuwajibu kwa maandishi.

Aina ya 1: uvundo-chachu. Ni wa asidi niliyoitaja, huchelewa kuamka, na hushika zamu yake mchana ndani ya kiatu cha ngozi kilichofungwa kamba barabara. Ni uvundo wa watu wa heshima: makarani, walimu wakuu, wagombea ubunge.

Aina ya 2: uvundo-jibini. Hapa bakteria wa kundi la Brevibacterium, wanaopenda unyevu wa kati ya vidole, hutoa gesi yenye salfa iitwayo methanethioli. Ndugu zao ndio wanaoipa harufu jibini ya Limburger. Mwaka 1996 Bart Knols na Ruurd de Jong waliandika kwamba jibini hiyo humvuta Anopheles gambiae, mbu wa malaria, ambaye hupenda kuuma miguu na vifundo. Mwaka 2006 walipewa tuzo ya Ig Nobel ya biolojia. Wasiojua walidhani ni tuzo ya mzaha. Mimi nilisimama wima.

Aina ya 3: uvundo-masika. Huu ni uvundo wa soksi safi, na ndio unaowatatiza wanaoanza. Soksi imefuliwa, mvua haikatiki, imeanikwa ndani. Bakteria Moraxella osloensis anastarehe katika nyuzi zisizokauka. Uvundo-masika una vijitawi viwili: (a) wa soksi iliyoanikwa nyuma ya friji na (b) wa soksi iliyoanikwa nyuma ya mlango. Tofauti kati ya (a) na (b) imenigharimu marafiki, na sijutii hata mmoja.

Aina ya 4: uvundo-urithi, wa soksi iliyotoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake. Sipotezi wino.

Dhidi ya aina hizi zote ulimwengu umeleta kipingavundo kimoja kinachostahili heshima yetu: chembenano za fedha zilizosanisiwa kwa mimea. Chembenano ni chembe yenye upana wa kati ya nanometa 1 na 100, na nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Usijaribu kuipiga picha akilini. Mimi nilijaribu, nikalala mapema.

Utaratibu wake ni huu. Majani ya mwarobaini huoshwa, huchemshwa, huchujwa. Maji yale hutiwa katika mmumunyo wa nitrati ya fedha. Polifenoli, flavonoidi na terpenoidi za jani huipa ayoni ya fedha elektroni iliyoikosa, nayo hugeuka atomu. Atomu hukusanyika zikawa chembe. Kisha molekuli zilezile za mmea huizunguka kila chembe ili zisigandamane. Watafiti wa Pune, India, walieleza kazi ya namna hii kwa majani ya mwarobaini mwaka 2004. Bibi yangu alikuwa ameshafika hatua ya kuchuja miaka mingi kabla yao. Kilichomnyima shahada ni nitrati ya fedha tu.

Ushahidi kwamba kazi imefanyika ni rangi. Mmumunyo uliokuwa hauna rangi hupata umanjano, kisha uhudhurungi, kwa kuwa elektroni za usoni mwa chembe hutikisika kwa pamoja zinapopigwa na mwanga wa nanometa 400 hadi 450 hivi. Nimeugawa uhudhurungi huo katika hudhurungi-changa, hudhurungi-pevu na hudhurungi-jeuri. Asiyeweza kuzitofautisha arudie darasa.

Kitambaa cha pamba huchovywa humo, hukamuliwa kati ya rola, hukaushwa kwa joto. Baadaye, kwenye unyevu wa mguu, chembe huachia ayoni za fedha. Ayoni hizo hung'ang'ania salfa iliyo katika protini za bakteria na kuharibu utando wake. Karamu huvunjika kabla ya pilau kupakuliwa.

Sasa andika kwa herufi kubwa: FUMBO LA BESENI.

Mwaka 2008 Troy Benn na Paul Westerhoff wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walichukua aina sita za soksi za dukani, wakazitikisa majini na kupima kilichotoka. Baadhi zilipoteza karibu fedha yote katika miosho michache, nyingine ziliishikilia. Tazama uzito wa jambo hili, mwanafunzi. Soksi yenye fedha hainuki. Soksi ikifuliwa, fedha huondoka. Basi ili isinuke, isifuliwe; na soksi isiyofuliwa tunaijua. Wanafalsafa wamehangaika na kuku na yai huku beseni liko uani.

Wapo wanaojitahidi kulifumbua: hubandika chembe kwa asidi ya sitriki au gundi, au huzisanisi palepale ndani ya nyuzi. Nawatakia heri. Lakini fedha iliyokwisha kutoka haipotei. Huenda na maji machafu, ambako sehemu kubwa hugeuka salfaidi ya fedha, ambayo sumu yake ni hafifu. Ikibaki ayoni, huwadhuru mwani na viumbe wadogo wa majini ambao hawajawahi kuvaa soksi hata siku moja. Dhuluma hiyo tutaijadili muhula ujao.

Ugomvi mkubwa zaidi uko kati ya madhehebu mawili. Wafutaji wanataka uvundo utoweke duniani. Wahifadhi wanajibu kwa neno moja: Ifakara. Mwaka 2011 Fredros Okumu wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, Tanzania, alipata ufadhili wa kuendeleza mitego ya mbu ya kuwekwa nje ya nyumba, yenye chambo cha harufu ya miguu ya binadamu, zikiwamo soksi zilizokwisha kuvaliwa. Mbu huifuata harufu, hukuta sumu. Tukizitia fedha soksi zote, chambo hicho tutakitoa wapi?

Msimamo wangu, uliokataliwa na majarida yote niliyoyapelekea, ni kwamba soksi ya kulia itiwe fedha kwa ajili ya jamii, na ya kushoto iachwe kama ilivyo kwa ajili ya sayansi.

Zoezi. Chukua soksi tatu zisizo na uhusiano wa jozi. Ziainishe kwa aina na kijitawi, ukitumia shahidi asiye mwenye soksi. Majibu yaletwe chumbani kwangu Jumatatu kabla ya saa nne. Bisha hodi, ingia, na kinyume cha desturi ya nyumba zetu, viatu usivue.