Undugu wa Msimu

Meneja wa hoteli ya ufukweni ana familia kubwa ajabu. Julai, watalii wakimiminika Nungwi na Paje, kila mpishi, mhudumu na msafisha vyumba ni "mwanafamilia". Fulana zinagawiwa, hotuba zinamwagika. Masika yakishika Aprili, vyumba vikabaki vitupu, familia hupukutika: anabaki mlinzi, mtunza bustani na meneja mwenyewe, ambaye undugu wake haulowi mvua. Wengine huambiwa, "Tutawapigia." Simu hulia Juni, na mpishi aliyeivisha pweza misimu kadhaa huanza upya, eti kipindi cha majaribio! Kisha bosi hushangaa wazoefu wamehamia hoteli jirani. Bwana meneja, andika mkataba unaovuka masika. Hotuba tumeshiba.